Landrova ya Mzee Hamsini (6): Ngozi Iliyopakwa Samli

Mlionisoma Ijumaa iliyopita mliniacha getini kwangu hapa Bariadi, funguo mkononi, najisifu kama mwendawazimu. Landrova ya marehemu baba, pikapu ya mwaka sabini na nne iliyokuwa ikipitwa na baiskeli, ilikuwa imetoka kukimbia kilomita mia kwa saa kwenye lami ya Lamadi. Nikageuka, nikamkuta mama yangu mzazi amesimama nyuma yangu na kikapu chake cha ukindu. Alikuwa ametoka Zagayu, kijijini kwetu, bila hata kupiga simu.

Aliniuliza kitu kimoja tu. "Masele, nani kafungua?"

Kwa mgeni wa kisa hiki, niseme kwa kifupi. Mimi ni fundi cherehani, nashona sare za shule pale sokoni. Mke wangu Lukresia ni muuguzi. Januari alihamishiwa kituo cha afya kule Nyashimo, karibu kilomita tisini kutoka kitandani kwetu. Alitaka apange chumba huko, awe anarudi mwisho wa wiki. Nikakataa. Nikasema mtoto bado ananyonya. Nikasema baba ameacha pikapu nzima inaoza uani, nitaifufua, nitaipa mbio, utakwenda na kurudi kila siku.

Baba, kwa wasiomjua, aliitwa Mzee Hamsini. Tangu nipate akili hakuna aliyewahi kumwona akizidisha hamsini, hata akiwa hana mzigo, hata akiwa amebeba mgonjwa. Watoto walikuwa wakishindana naye mbio kwa miguu.

Aliyeifufua ni fundi Ndaki. Aling'oa injini ya zamani, akaweka ya dizeli ya Kijapani. Akabadilisha difu, zile gia za ekseli, kwa sababu ile ya zamani, alisema, ilikuwa ya kuvuta mzigo matopeni na si ya kukimbia. Breki akaweka mpya. Chini ya pedeli ya mafuta akakuta kipande cha mti kimefungwa kwa waya, kinaizuia pedeli isishuke hadi mwisho. Alikicheka, akakitupia kwenye moto wa chai.

Ni mahali pamoja tu ambapo Ndaki hakugusa. Chini ya gari, nyuma kidogo ya kabini, kwenye chesesi, yaani ule mgongo wa chuma unaobeba gari zima, palikuwa na ngozi ya ng'ombe. Ilizungushwa mara nyingi ikakazwa, nayo ilikuwa nyeusi na ngumu kama ubao.

"Kaka, hapo mimi sitii mkono," Ndaki aliniambia. "Hiyo ni ya mzee. Mwenyewe unajua."

Nilijua. Zagayu nzima ilijua. Baba, Mzee Masalu, alikuwa amelifunga gari lake dawa, ndiyo maana halikuwahi kupinduka.

Sasa tuendelee.

"Hakuna aliyefungua, mayu," nilimwambia mama. "Ngozi ipo vilevile."

Mama hakuniamini. Aliweka kikapu chini, akalala chali kwenye vumbi, mwanamke wa miaka sabini na kitu, akajisukuma mpaka chini ya gari. Nilimsikia akipapasa. Alipotoka, macho yake yalikuwa yamelowa.

"Imekauka, ng'wana wane. Tangu baba yako afe hakuna aliyeikumbuka. Ina uchafu mpaka imekuwa nyeusi. Halafu unalikimbiza gari lake namna hiyo, bila hata kumwambia!"

"Baba aliifunga kwa sababu gani?"

"Sijui. Alichelewa safari ya Kalemela siku nne, yeye na utingo wake Jilala. Aliporudi, ngozi ilikuwepo. Akaniambia, Nyanjige, hii asiiguse mtu. Akakaa siku mbili hali chakula. Sikuuliza. Mambo ya wazee wake walioko kaburini ningeyauliza mimi kama nani?"

Mimi ni Mkatoliki. Lukresia ni Mkatoliki kunizidi, anaimba kwaya. Lakini jioni ile mama alipoomba maji ya moto na kisu, hakuna hata mmoja wetu aliyesema neno.

Alikwangua. Alikwangua ule weusi wote mpaka ngozi yenyewe ikaonekana, akaikanda kwa kitambaa cha maji ya moto kama anayemkanda mgonjwa. Kisha akachukua samli aliyokuja nayo kutoka nyumbani, akaipaka polepole, huku akizungumza na baba kwa Kisukuma. Alimwambia mkwewe anafanya kazi mbali. Alimwomba asikasirike.

Alifanya hivyo kila jioni, Lukresia akisharudi. Maji ya moto, kisha samli.

Siku ya nne aliniita. "Njoo ushike."

Nikajipenyeza chini ya gari, nikashika. Ngozi iliyokuwa ngumu kama ubao ilikuwa laini, inabonyea chini ya kidole.

"Unaona?" mama alicheka, mara ya kwanza tangu aje. "Baba yako ameridhika. Amelainika."

Nami nikafurahi. Mungu anisamehe, nilifurahi.

Sasa nafika kwenye jambo ambalo sijamwambia hata padri.

Sikuifufua ile Landrova kwa ajili ya mtoto. Niliifufua kwa sababu ya wivu. Ahadi yangu ilikuwa ya mdomo tu mpaka Februari, nilipoona meseji kwenye simu ya Lukresia, imetoka kwa tabibu wa kituoni kwao Nyashimo anayeitwa Constantine. "Nyumba nimeipata. Njoo uione kabla haijachukuliwa." Basi. Maneno hayo tu. Lakini mimi nililala nayo, nikaamka nayo, nikashona suruali nzima ya mwanafunzi miguu nje ndani.

Nikaiba namba. Nikamtukana yule Constantine kwa meseji ndefu ambayo nikiikumbuka natamani ardhi inimeze. Hakujibu. Lukresia hakujua.

Kwa hiyo kila jioni nilipoisikia Landrova inakuja, sikuwa namshukuru Mungu kwamba mke wangu amefika salama. Nilikuwa natazama saa.

Jumatatu Lukresia aliniambia, "Baba Joy, mlango wa dereva unagoma kufunga. Mpaka niupige bega."

"Bawaba hizo. Gari la zamani."

Jumanne akasema, "Nikifika tisini, nyuma panatikisika. Kama mtu anayetaka kuteremka."

"Matairi. Nitamwambia Ndaki."

Jumatano nikaliona kwa macho yangu. Kati ya kabini na bodi ya nyuma kuna uwazi. Siku zote ulikuwa mwembamba, hata kidole changu hakipiti. Jioni ile kidole kilipita. Mimi ni fundi nguo, futi ya kupimia haitoki shingoni. Nikapima. Sentimita mbili na nusu.

Alhamisi nikapima tena. Nne.

Nilisimama pale uani na futi mkononi. Mshono ukiachia sentimita moja na nusu kwa siku moja, hata mwanafunzi wangu wa kwanza angejua nguo inafumuka. Nilijua, ndugu msomaji. Nilijua kuna kitu kinaachana.

Lakini ningemwambia Ndaki, angesema gari lilale gereji siku mbili tatu. Na gari likilala gereji, Lukresia angelala Nyashimo.

Nikaikunja futi, nikaingia ndani, nikala ugali.

Ijumaa alfajiri Lukresia alikuwa anaupiga mlango bega. Mara ya kwanza ukarudi. Mara ya pili ukarudi.

"Leo siendi na hili gari," alisema. "Nitapanda basi, na jioni kama nimechelewa nitalala kwa Constantine na mke wake. Wamenikaribisha siku nyingi."

Sikusikia "mke wake". Nilisikia "nitalala kwa Constantine".

"Kumbe ndiyo nyumba aliyokupatia," nikasema.

Aliuachia mlango, akanigeukia. Mama alikuwa jikoni na mtoto mgongoni, akaacha hata kukoroga uji.

"Umesoma simu yangu."

"Nimesoma."

"Basi ungesoma mpaka mwisho." Alisema kwa upole, na upole ule uliniuma kuliko kelele. "Ulipokataa nipange chumba, Constantine alinitafutia nyumba ya vyumba vitatu. Ina fremu ya duka mbele, barabarani kabisa. Nilimwambia mume wangu ni fundi cherehani, atahitaji mahali pa kushonea. Nilitaka tuhame wote, Masele. Nilisubiri niione kwanza ndipo nikwambie, usije ukasema nakuendesha."

Mtu mwingine angepiga magoti. Mimi kiburi kilinisukuma, nikasema neno ambalo nitalijutia mpaka nife.

"Kama huna cha kuficha, nenda na gari. Na urudi nalo leo leo."

Lukresia alichukua mkoba wake. Akaupiga mlango bega mara ya tatu. Ukafunga. Aliondoka kwa kasi, na alipovuka tuta la barabarani niliona bodi ya nyuma ikipanda peke yake na kushuka peke yake, wakati kabini imeshatulia.

Saa nne nilikuwa sokoni kwenye cherehani, sindano ya tatu imenivunjikia, akaja mzee mmoja mfupi, kofia ya pama, anahema kama aliyekimbizwa.

"Mwangaluka, ng'wana Masalu."

"Mwangaluka, namhala." Niliitikia salamu ya mzee huyo, nikamtambua kwa kovu la shavuni. Alikuwa Jilala, utingo wa baba, anayeishi Lamadi sasa. Nilimwona mara ya mwisho msibani.

"Nimekuja kukupa habari mbaya. Gari la baba yako limeibwa."

"Limeibwa?"

"Nimeliona leo asubuhi Lamadi kwa macho yangu. Limepita kama risasi! Nikajua huyo ni mwizi, mtoto wa Masalu hawezi. Nimepanda basi la kwanza nikufuate."

Nilicheka. Ndicho kicheko changu cha mwisho hadi leo ninapoandika haya. Nikamwelezea: mke wangu, Nyashimo, injini, difu, mia kwa saa.

Jilala hakucheka. Alikaa kwenye benchi la wateja, akavua kofia.

"Na chesesi mmebadilisha?"

"Chesesi ya nini? Tena ile dawa ya mzee ipo palepale. Hatujaifungua."

"Dawa?" alisema. "Dawa gani?"

"Ile ngozi."

Alinitazama kama anayemtazama mtoto aliyekunywa mafuta ya taa.

"Ile ngozi niliifunga mimi, mimi na baba yako! Tulikuwa tunatoka Kalemela, tumejaza pamba kupita kiasi, na juu ya pamba tumepakia watu. Baba yako akasinzia. Tukaingia mtaroni. Watu waliumia, hakufa mtu, lakini chesesi ilikatika upande mmoja. Miaka ile chesesi nyingine ungeipata wapi? Tukachukua chuma cha plau, tukakilaza juu ya ufa, tukatia bolti mbili. Kisha tukapata ngozi mbichi kwa mchinjaji, tukaizungusha na kuikaza. Ngozi mbichi ikikauka inabana kuliko waya. Juu yake tukapaka lami, maji yasiingie. Si dawa! Ni bandeji!"

"Lami," nikasema. "Ule weusi ulikuwa lami."

"Baba yako aliapa hatazidisha hamsini tena. Aliweka na kipande cha mti chini ya pedeli, mguu usije ukajisahau. Aibu ndiyo ilimfunga mdomo. Watu walipoanza kusema ni dawa, akawaacha waseme."

"Mzee Jilala. Ile ngozi ikikwanguliwa lami, ikakandwa maji ya moto, ikapakwa samli. Wiki nzima. Inakuwaje?"

Alifumba macho.

"Nani kafanya hivyo?"

"Mama. Kwa heshima ya baba."

"Inarudi kuwa ngozi tu," alisema taratibu. "Haishiki kitu."

Mimi, ninayefumua pindo la suruali ya kila mtu nione aliyenitangulia alishona vipi, sikufumua ngozi ya baba yangu kutazama ndani. Niliogopa, nikauita woga huo heshima.

Nilimpigia Lukresia. Simu iliita hadi ikakatika. Nikapiga tena. Nikapiga mara tisa. Mara ya kumi akapokea, na kabla hajasema neno nikasikia mngurumo. Ulikuwa wa injini ile ya Kijapani, inavuta.

"Uko wapi?"

"Njiani, nakuja Bariadi. Lamadi nimeshaipita."

"Saa hizi? Kwa nini?"

"Nina mgonjwa, Masele. Mke wa Constantine. Uchungu umeanza vibaya, amepewa rufaa, na gari la wagonjwa limekwenda Mwanza na mwingine. Constantine yupo naye hapa kabini. Nikasema hatusubiri, gari langu linakimbia."

Gari langu linakimbia. Alilisema kwa fahari kidogo, hata baada ya asubuhi ile.

"Lukresia, nisikilize. Punguza mwendo. Punguza polepole, simama, teremkeni wote."

Mngurumo tu, na nyuma yake mwanamke analia.

"Asubuhi umeniambia nirudi na gari leo leo," alisema. "Sasa umesikia Constantine yumo ndani, unaniambia tuteremke?"

"Siyo hivyo! Chesesi..."

"Mama huyu anavuja damu, Masele. Wivu wako utasubiri."

Akakata. Nikapiga, haipatikani. Alikuwa amezima.

Nikatafuta namba ya Constantine. Nikapiga. Haikuita kabisa. Alikuwa ameniblock tangu Februari, tangu meseji yangu ile, na nani angemlaumu?

Gereji ya Ndaki iko hatua chache kutoka sokoni. Sikumweleza mengi. Nilimnyang'anya funguo za pikipiki, Jilala akarukia nyuma, kofia ikabaki kwenye benchi. Tukaishika barabara ya Lamadi tukitafuta kukutana naye.

Kabla ya kufika Dutwa, Jilala alinipiga mgongoni. "Simama! Rudi nyuma!"

Pembeni ya lami, kwenye kokoto, kulikuwa na kitu kimelala. Nilidhani ni nyoka aliyekanyagwa. Jilala akakiokota kwa mikono miwili. Kilikuwa kirefu kama mkanda wa gunia, laini, kinang'aa juani, na kilinukia samli ya mama yangu.

"Hii imedondoka asubuhi," alisema. "Alipokuwa anakwenda."

Nilielewa kabla hajamaliza. Lukresia alikuwa amekwenda Nyashimo na sasa anarudi, kilomita zote hizo, akishikiliwa na chuma cha plau na bolti mbili za mwaka ambao mimi sikuwa nimezaliwa.

Ndipo tukaisikia. Injini ile huwezi kuikosea. Landrova ilitokea kwenye mteremko, taa zimewashwa mchana kweupe, inakuja mbio. Hata kwa umbali ule niliona kabini inatazama huku na bodi inatazama kule, kama ng'ombe wawili waliogoma kwenye nira moja.

Nikakimbilia katikati ya barabara. Nikainua mikono yote miwili, nikapiga kelele jina lake.

"Usimsimamishe!" Jilala alilia nyuma yangu. "Masele, toka barabarani! Akikanyaga breki ghafla ndiyo itakatika!"

Lakini mikono yangu ilikuwa imeshapanda juu, na kupitia kioo nilimwona mke wangu amekwisha kuniona.